Kitabu cha Wasafiri Hakisomwi Kitandani

Toleo la pili limetoka. Nasema kile kijitabu cha vivutio vya Nyanda za Juu Kusini, ambacho baadhi yenu mnakikumbuka kwa sababu ya ugomvi ulionitoa kwenye grupu la WhatsApp la wapenda vitabu. Nimekinunua kwa hela yangu mwenyewe pale Kabwe, hapa Mbeya, kwa muuza vitabu wa barazani, na sikusubiri kufika nyumbani. Nikafungua ukurasa wa Kimondo, lile jiwe lililoanguka kutoka angani kule Mbozi: Mkoa wa Songwe. Nikafungua ukurasa wa Ziwa Ngosi: picha imebadilishwa, na yale maneno ya "mahali pazuri pa kuogelea na familia" hayapo tena. Jina langu, mimi niliyeyaonyesha makosa hayo kwenye toleo la kwanza, halimo popote, hata kwenye ukurasa wa shukrani, ambako ameshukuriwa mpaka mtu aliyeazimisha jenereta siku ya uzinduzi. Haidhuru. Mimi najua, na sasa na nyie mnajua.

Wiki hiyohiyo kijana mmoja wa Makambako akaniandikia: "Dada, shikamoo. Nataka na mimi nianze kutoa maoni ya vitabu, hasa vya safari, lakini naogopa waandishi. Nianzeje?" Najua hayuko peke yake. Wewe unayesoma hapa una daftari lako mahali, umeshajaza kurasa kadhaa, unasubiri mtu akwambie endelea. Haya, endelea. Lakini kwanza nisikilize.

Wanaonijua wanajua nauza madaftari na vitabu vya shule Soweto. Shule zikishafungua, mchana hauna wateja, ndipo nasoma. Wazungu wa kujitolea wakimaliza muda wao huacha vitabu, wapangishaji wao huniletea, mimi navinunua kwa bei ya kuelewana: miongozo ya wasafiri, vitabu vya ndege, vya mapishi, vya kulima, riwaya zilizokatika jalada. Nikaanza kuandika maoni yangu. Miaka ya mwanzo haina la kusimulia. Niliandika, wachache wakasoma.

Halafu kikaja kijitabu hicho, toleo la kwanza, cha mzee mmoja. Simtaji, na wewe unayemjua usimtaje kwenye maoni hapo chini. Ni mtu anayeheshimika, amefundisha wengi mjini hapa, na uzinduzi wake ulifanyika ukumbini, kukiwa na ngoma, wageni wa meza kuu na mnada wa nakala. Sikuweza mnada. Nilinunua nakala ya bei ya kawaida, nikapanga foleni, akanisainia kwa mkono wake: "Kwa binti yangu. Soma, nenda, ujionee."

Nikasoma, nikaenda, nikajionea.

Nilikwenda Ngosi na wifi yangu. Tulipanda Costa ya Tukuyu, tukashuka njia panda, bodaboda zikatusogeza mpaka mwisho wa mashamba ya viazi. Kitabu kilisema kutoka hapo ni "dakika ishirini za matembezi mepesi". Basi mwenzangu alikuwa amevaa raba nyeupe. Njia inaingia msituni moja kwa moja, migomba pori imekufunika juu, utelezi chini, na mlima haukupi hata mahali pa kupumulia. Yule kijana aliyetuongoza alikuwa anakwea kwa miguu mitupu, anatungoja, anakwea tena. Saa nzima ilipita na ushee, bado hatujaona maji. Tulipofika juu ukungu ukafunguka, na pale chini, chini kabisa, ziwa la kijani limekaa ndani ya shimo la volkano, kingo zimesimama kama ukuta pande zote. Ni pazuri mpaka unanyamaza. Ila pa kuogelea na watoto? Wifi yangu alikaa juu ya mzizi, akaangalia raba zake, akauliza, "Huyo mzee alifika hapa au aliota?"

Niliandika hivyohivyo. Niliandika pia kwamba picha iliyowekwa ukurasa ule si ya Ngosi, maana ina ufukwe wa mchanga na mitumbwi, na mtu yeyote aliyewahi kufika Matema angelitambua Ziwa Nyasa. Nikaandika kwamba Kimondo kimewekwa Mbeya wakati Mbozi iko Mkoa wa Songwe tangu 2016, na kitabu kimechapwa baada ya hapo. Jiwe lile linakadiriwa kuwa na tani 16, halijahama. Mkoa ndio uliogawanywa. Na niliandika, naomba hili lisisahaulike, kwamba sura yake ya vyakula ni nzuri kuliko zote nilizosoma: jinsi anavyoeleza mbalaga, zile ndizi za Kinyakyusa, inavyopikwa kwa maharage, utasema umekaa jikoni Tukuyu unasubiri sahani.

Sifa hizo hakuna aliyezisoma. Mzee alinipigia simu. Nikamwamkia, akaitikia marahaba, halafu akasema, "Binti yangu, wewe unajua gharama ya kuchapa kitabu?" Nikamwambia, "Mzee wangu, naijua, ndiyo maana nasema yasahihishwe." Akakata. Kwenye grupu mmoja akaandika kwamba muuza madaftari sasa anawafundisha walimu wake. Wakacheka kwa vikatuni. Asubuhi nikakuta admini amenitoa. Mkutano wa vitabu uliofuata sikuitwa, na viti vilikuwepo.

Bado inauma, siwezi kuwadanganya. Watu ambao nimewauzia vitabu vya watoto wao kwa mkopo walipita dukani wakijifanya wanaongea na simu.

Haya, sasa ushauri. Kijana wa Makambako, cha kwanza: nenda. Kitabu cha wasafiri hakisomwi kitandani. Ukikisomea kitandani utasifia karatasi na rangi za jalada, basi. Kisomee palepale kinapopasema, kituo cha mabasi kwa kituo cha mabasi, ukurasa umefunguliwa mkononi.

Karl Baedeker, Mjerumani wa Koblenz ambaye miongozo yake ilipata sifa Ulaya nzima karne ya 19, husimuliwa kwamba alionekana akipanda kanisa kuu la Milan huku kila baada ya ngazi 20 anahamisha njegere moja kutoka mfuko mmoja kwenda mwingine, asije akakosea hesabu ya ngazi. Njegere! Sisi huku tunazo gunia kwa gunia, halafu tunaandika "dakika ishirini" kwa kukisia. Huyohuyo Baedeker aliweka nyota kwenye mambo ya kutazamwa, na leo kila mtu anabonyeza nyota tano kwenye simu bila njegere hata moja mfukoni. Mimi nyota sitoi. Mtu akitaka kujua kama kitabu ni kizuri, asome nilichoandika.

Cha pili, angalia mwaka. Funua ukurasa wa hati miliki kabla hujafungua kinywa. Kitabu kinachokuambia Njombe iko Mkoa wa Iringa si lazima kiwe cha uongo. Njombe ilipata mkoa wake 2012. Kinachosema Ruaha ndiyo hifadhi ya taifa kubwa kuliko zote nchini kilikuwa sahihi mpaka 2019, ilipotangazwa Hifadhi ya Nyerere. Kinachokushusha uwanja wa ndege wa zamani wa Mbeya mjini hakijui kwamba ndege zilihamia Songwe mwishoni mwa 2012. Mwandishi wa vitabu hivyo usimtukane, sema tu kitabu kimezeeka. Lakini aliyechapa jana na bado anaandika ya miaka hiyo, huyo mwambie. Ndiyo, hata kama amekufundisha. Hata kama amekusainia.

Cha tatu, msimu. Hapa Kitulo ndiyo mtihani wangu, na kitabu chochote kinachozungumzia kusini huwa naanza kukisomea hapo. Karibu vyote vitakwambia ni "Bustani ya Mungu", ni hifadhi ya taifa tangu 2005, maua yamejaa kuanzia Novemba au Desemba mpaka Aprili. Kweli kabisa. Ila maua hayo yanaletwa na mvua, na mvua hiyohiyo ndiyo inayoharibu njia. Ukipandia Chimala unakutana na zile kona 57 za kwenda Matamba. Zikilowa, dereva mwenyewe anashuka kuangalia kabla hajaamua. Kitabu kikikupa maua bila kukupa tope, andika kwamba kimekupa nusu. Na kikiwa hakitaji chikanda, mimi nakitilia shaka zaidi. Viazi vya yale maua vilikuwa vinachimbwa na kuvushwa kwenda Zambia kuliwa, magunia na magunia, na biashara hiyo ni sababu kubwa ya watu kupigania Kitulo ihifadhiwe. Mwandishi aliyeongea na wenyeji wa Matamba hata jioni moja angeambiwa.

Cha nne, kimeandikiwa nani? Miongozo mingi ya Kiingereza iliyopita dukani kwangu inaipa Serengeti na Zanzibar sura ndefu, halafu Mbeya inapewa kurasa chache kama mahali pa kulala ukielekea Malawi au Zambia. Zamani nilikuwa nakasirika. Sasa naandika tu kwamba kitabu hiki ni cha mtu anayepita, si cha anayekuja. Tena niwe mkweli, ramani zao huwa nzuri, na wanarudia matoleo bila kusubiri kufokewa. Wanachokosa ni kile ambacho wewe unahitaji. Mtu wa Mafinga anayempeleka mama yake Matema hahitaji bei ya hema kwa dola. Anataka kujua Costa ya mwisho kutoka Kyela inaondoka saa ngapi, na kama kuna choo cha kukaa.

Ratiba ya treni ya TAZARA iliyochapwa kitabuni, hiyo isamehe kabla hujaisoma. Piga simu stesheni ya Iyunga, hapa Mbeya.

Vitabu vingine? Vya mapishi, pika. Nilishawahi kuona mtu anasifia kitabu cha keki na hana hata jiko la mkaa la kujaribia. Vya kilimo vina subira yake. Kuna kijitabu cha parachichi kilichoenea sana Rungwe na Njombe, kila wiki mtu ananiuliza maoni yangu. Sina, na wewe usiwe nayo haraka. Hass ya kubebesha inahitaji kama miaka mitatu ndipo ianze kukuonyesha kitu, kwa hiyo aliyekinunua mwaka huu na kukisifia mwaka huu amesifia picha. Riwaya tuziache leo.

Nikirudi kwa hofu yako, mdogo wangu. Hofu ya kuambiwa wewe ni nani. Mwaka 1896 Salim bin Abakari alisafiri mpaka Urusi na Siberia, akaisimulia safari yake kwa Kiswahili, ikachapwa 1901 ndani ya kitabu kinachoitwa Safari za Wasuaheli. Hakungoja mtu wa meza kuu ampe ruhusa ya kusema alichokiona. Sisi tuna simu mfukoni, tuna Costa kila nusu saa, na bado tunanong'ona, "Mzee atakasirika." Akasirike! Wageni wanapotea njiani kwa ajili ya heshima zetu. Mama wa watu anapanda Ngosi na raba nyeupe kwa ajili ya heshima zetu. Tumezoea kusifia kitabu cha mtu wetu mbele yake na kukicheka tukiwa kwenye daladala, halafu tunalalamika kwamba vitabu vyetu havinunuliwi. Nani atanunua, akishapotea mara moja? Semeni, jamani. Semeni kwa adabu, shikamoo mbele, lakini semeni, tena kwa maandishi, na tarehe chini.

Sasa kazi yako hii. Wewe uko Makambako, njia panda ya Songea, barabara kuu inapita, treni inapita, na miongozo yote niliyonayo hapa inakujua kwa mstari mmoja: badilisha basi. Tafuta mwongozo wowote, hata wa kuazima, hata umechakaa, utafute huo mstari, kisha utembee nao kuanzia stendi hadi stesheni. Angalia wanasema ni umbali gani na wewe umetumia muda gani. Uliza kama hoteli wanayoitaja bado inapika. Kisha niandikie, na usisahau kuweka mwaka wa toleo.