Maswali yenu: ulimwengu umeumbwa ama umetokea wenyewe?

Maswali wiki hii yamejaa na karibu yote yaenda njia moja, kwa hivo yalofanana nimeyaunganisha. Mimi ni Muislamu na hilo silifichi, na sayansi naipenda vilevile, nayajibu nikiwa na vyote viwili.

Mwalimu wa fizikia atwambia ulimwengu ulianza na Mlipuko Mkuu, jioni nikienda madrasa ustadh asema Mngu ndo aloumba. Nimuamini nani? (Mwanafunzi wa fomu thri, Likoni)

Waamini wote wawili mdogo wangu, manake hawajibu swali moja. Mwalimu akwambia ilikwendaje na lini, ustadh akwambia ni nani na kwa sababu gani. Alafu ujue kitu ambacho wengi hawakijui, hii habari ya Mlipuko Mkuu mwanzo wake ni padri. Georges Lemaître, padri Mkatoliki wa Ubelgiji na mtu wa hesabu hodari, aliandika 1927 kwamba ulimwengu watanuka, na 1931 akasema ukiurudisha nyuma utafika mahali vitu vyote vilikuwa pamoja, kidogo mno. Einstein mwenyewe mwanzoni alimkatalia. Na Fred Hoyle wa Uingereza, alokuwa haamini Mngu, aliipinga maisha yake yote, yeye alishikilia kwamba ulimwengu umekuwepo daima, na hilo jina la Mlipuko Mkuu ni yeye alolitoa akizungumza kwenye redio ya BBC mwaka wa 1949. Sasa tazama hapo, mtu wa dini ndo asema kuna mwanzo, asoamini ndo akataa! Kwa hivo mtu akikusukuma uchague kimoja uache chengine mwambie hiyo vita haikuanza na wenye elimu hii.

Hiyo miaka bilioni 13.8 wanosema ndo umri wa ulimwengu waliijuaje, kwani kuna alokuwepo? (Dereva wa tuktuk, Kisauni)

Hakuna alokuwepo lakini alama zilibaki, na hizi alama ndo zinofanya mimi niikubali hii habari bila wasiwasi. Ya kwanza, Edwin Hubble wa Marekani mwaka wa 1929 alionyesha kwamba galaksi, yaani yale makundi makubwa ya nyota, zatukimbia, na ilo mbali zaidi ndo yakimbia zaidi. Watu husikia mlipuko wakafikiria bomu, siyo. Chukua mkate wa sinia ulotiwa zabibu, ukiumuka kila zabibu yaiona mwenzake ikienda mbali, na hakuna zabibu ilo katikati inayofukuza wenzake, ni ule unga wenyewe unaotanuka. Hivo ndo ilivyo, nafasi yenyewe ndo yatanuka kila pahali, na ukijua yatanuka kwa kasi gani na kasi hiyo imebadilikaje wapiga hesabu kurudi nyuma.

Ya pili ndo kubwa zaidi. 1964 wanasayansi wawili, Arno Penzias na Robert Wilson, walikuwa na antena kubwa huko New Jersey, ikawa yatoa mvumo hauishi, wakiielekeza huku upo, wakiielekeza kule upo, usiku upo mchana upo. Wakadhani ni njiwa walojenga ndani, wakawatoa, wakasafisha kinyesi chote, mvumo uko palepale. Kumbe ni mwanga wa mwanzo ulobaki! Ulianza safari ulimwengu ukiwa na umri wa miaka kama 380,000, wakati huo moto wake ni nyuzi kama 3,000, na leo umepoa hadi nyuzi 270 chini ya sifuri. Hata zile chengachenga za TV za zamani za antena, sehemu ndogo ilikuwa ni mwanga huo. Walipewa tuzo ya Nobel 1978. Na ya tatu, hesabu zilisema dakika zile za mwanzo zingeacha haidrojeni kama robo tatu na heliamu kama robo kwa uzito, wakienda kupima kwenye mawingu ya zamani ya angani wakuta ni hivohivo. Vitu vitatu tofauti vyasema neno moja, mimi siwezi kuviita uongo.

Sawa, kabla ya hapo kulikuwa na nini? (Kijana wa Majengo)

Sayansi haijui, na wanasayansi wenyewe husema hivo waziwazi. Hesabu za Einstein zikifika pale mwanzo kabisa zavunjika, hazitoi jibu. Kuna wanaosema wakati wenyewe ulianzia pale, kuna wanaosema kulikuwa na ulimwengu mwengine, lakini hakuna aloithibitisha. Ila nakuomba sana, usikimbilie kumweka Mngu pale tusipopajua peke yake, kwa sababu kesho wakipajua utamhamishia wapi? Mngu nnaomuamini mimi ni wa yale tunoyajua pia. Twajua mvua hutokana na nini na bado twaomba mvua, twashukuru ikinyesha.

Kama kila kitu kina muumba, nani alomuumba Mngu? (Watu wengi, hili lilikuja mara nyingi)

Imam Ghazali, mwanachuoni mkubwa wa Kiislamu alofariki 1111, hakusema kila kitu kina muumba. Alisema kila chenye mwanzo kina kilokianzisha, na ulimwengu una mwanzo, na Mngu hana mwanzo kwa hivo swali halimgusi. Je, hiyo yamaliza ubishi? Hapana, na ntakuwa sikutendei haki nikikwambia yamaliza. Mtu aweza kusema basi na ulimwengu upo tu, hauna sababu. Hapo ndo darubini zaishia. Mimi najiuliza kwa nini kuna kitu badala ya kutokuwa na chochote, na kwa nini hicho kitu chafuata kanuni ambazo akili ya binadamu yaweza kuzisoma, na jibu lanipeleka kwa Muumba. Lakini naamini, sijathibitisha maabarani, na asoamini namheshimu akiwa amefikiria kweli.

Si Qur'ani ishayataja haya, Suratul Anbiyaa aya ya 30? (Msomaji wa Old Town)

Aya yasema mbingu na ardhi zilikuwa zimeambatana kisha zikatenganishwa, nami kila nikiisoma nasisimka. Ila tusiifunge na nadharia. 1951 Papa Pius wa 12 alitoa hotuba iloelekea kusema sayansi ishashuhudia uumbaji, na alokereka ni Lemaître, padri mwenyewe! Hakutaka hesabu zake zitumiwe hivo. Nadharia hurekebishwa kila mara, na ikirekebishwa vijana wenye imani changa wataona aya ndo iloanguka.

Haya si mambo ya wazungu tu, sisi watu wa pwani yatuhusu nini? (Mfanyabiashara, Kongowea)

Yatuhusu sana. Tarehe 12 Disemba 1970, sikukuu ya Jamhuri, setelaiti ya Marekani ilirushwa kutoka jukwaa la Waitaliano lililoko baharini karibu na Malindi, na kwa heshima ya siku hiyo ikaitwa Uhuru. Ndo ya kwanza duniani kutengenezwa mahsusi kutazama miale ya eksirei angani, na ilisaidia kutambulisha Cygnus X-1, shimo jeusi la mwanzo kukubalika, yaani pahali penye mvuto mkali hata mwanga hautoki. Walikuja hapa kwa sababu tuko karibu na ikweta, roketi yasaidiwa na mzunguko wa dunia. Yaniuma sana kwamba watoto wetu hawafundishwi hili!

Mwanangu yuko chuo, amerudi asema haamini tena kwa sababu ya sayansi. Babake ataka kumfukuza nyumbani. (Mama, Bamburi)

Mama yangu, msimfukuze, nawaomba kwa Mngu. Kijana anayefukuzwa kwa ajili ya swali hujibiwa kwamba dini haina jibu, na hilo si kweli. Mkalishe, mpikie, alafu muulize ni kitu gani hasa alichosoma kikamfikisha hapo, msikize mpaka amalize na babake pia asikize. Mara nyingi utakuta hakuvunjwa imani na galaksi, kuna mtu alimdhalilisha alipouliza. Yale utakayoweza kumjibu mjibu, yatakayokushinda mwambie sijui. Na akipenda aniandikie mwenyewe, ntamjibu hapahapa na jina lake sitalitaja.