Sarafu Mbili za Ugiriki, Mwaka Mmoja

SWALI: Mhariri, katika mkusanyo wangu zimo sarafu mbili za Ugiriki za drakma 1, zote za mwaka 1973. Moja ina kichwa cha mfalme na nyingine ina bundi, ndege ambaye huku kwetu huhesabiwa kuwa wa mkosi. Je, mojawapo ni ya bandia? – Msomaji, Tanga

JIBU: Tofauti hiyo peke yake si dalili ya ughushi, kwa kuwa Ugiriki iliuanza mwaka 1973 ikiwa ufalme na kuumaliza ikiwa jamhuri. Maofisa wa jeshi walitwaa madaraka tarehe 21 Aprili 1967. Mfalme Konstantino wa Pili alijaribu kuwaondoa mwezi Desemba, akashindwa, akakimbilia Roma, lakini sarafu ziliendelea kutolewa zikiwa na kichwa chake kwa miaka kadhaa. Igeuze sarafu yake utamwona askari amesimama mbele ya finiksi, ndege wa hekaya anayeungua kisha akafufuka katika majivu yake; yaani mfalme yuko upande mmoja, na waliompokonya nchi wako upande wa pili. Tarehe 1 Juni 1973 Georgios Papadopoulos, kiongozi wa maofisa hao, alitangaza kuufuta ufalme, ndipo ikaja sarafu yako ya bundi, ambayo nyuma yake finiksi amebaki bila askari.

Finiksi huyo, ambaye wanajeshi walimfanya nembo yao, hakuwa wao kwa asili. Fedha ya kwanza ya Ugiriki huru, iliyotolewa mwaka 1828 chini ya Ioannis Kapodistrias, kiongozi wa kwanza wa nchi hiyo, ilibeba jina na picha yake, ikitangaza taifa lililoinuka baada ya karne za kutawaliwa na Waturuki. Naona ni dhuluma kubwa kwamba alama ya ukombozi ilitumiwa kuupamba utawala uliowafunga na kuwatesa wapinzani wake. Utawala huo ulipoanguka mwaka 1974, na wananchi wakaukataa ufalme kwa kura ya maoni, finiksi aliondolewa. Sarafu za mwaka 1976 zikawaleta watu mashuhuri wa Ugiriki ya kale, Aristotle, Democritus na Pericles, na kwenye drakma 1 akawekwa Konstantinos Kanaris, baharia shujaa wa vita vya uhuru.

Bundi naye, kwa Wagiriki, ni ndege wa Athena, mungu wa kike wa hekima, na alikuwa kwenye fedha za mji wa Athens tangu kale, kabla ya Kristo. Ndiyo maana hakuna aliyemwona kuwa wa wanajeshi, na sarafu ya yuro 1 ya Ugiriki inayotumika leo inaye yeye.