Mteja ametia saini, lakini kazi anaikataa

SWALI: Ndugu Mhariri, ninasimamia kikundi kidogo kinachotengeneza programu ya kupangia miadi ya wagonjwa. Tuliandika waraka mrefu wa mahitaji na mteja akautia saini, lakini kila tunapomwonyesha kazi anasema sicho alichokitaka. Wenzangu wanashauri tuache kuandika, tuwe tunazungumza naye tu. Je, ushauri wao ni sahihi?

JIBU: Ndugu msomaji, pengine wenzako wanategemea Ilani ya Agile ya mwaka 2001, yaani tamko la watengenezaji programu kuhusu namna bora ya kufanya kazi yao, ambayo inatanguliza programu inayofanya kazi mbele ya wingi wa nyaraka. Hata hivyo, ilani hiyohiyo inakiri kwamba nyaraka nazo zina thamani yake. Zungumzeni na mteja mara nyingi kadiri mwezavyo, lakini kila mlichokubaliana kiandikwe, na kiandikwe kwa namna inayoweza kupimwa, maana nina hakika hapo ndipo penye kasoro.

Tuchukue sharti lisemalo, “Mgonjwa aweze kubadilisha miadi kwa urahisi.” Mtengenezaji programu atalichukulia kuwa ni vibonyezo vichache, ilhali mteja huenda alikusudia mgonjwa asilazimike kupiga simu, na hakuna aliyeuliza mwisho wa kubadilisha ni lini, wala nafasi iliyoachwa itakwenda kwa nani. Sasa lilinganishe na hili: “Mgonjwa aliyeingia kwenye akaunti yake aweze kuhamisha miadi hadi saa 24 kabla ya muda uliopangwa, nafasi aliyoiacha ionekane kuwa wazi papo hapo, na daktari apelekewe taarifa.” Sharti la namna hii mjaribu anaweza kulipima, na mteja anaweza kulikataa mapema, wakati ambapo kurekebisha ni kufuta mstari mmoja tu.

Kuandika vizuri peke yake hakutoshi. Chombo cha anga za juu cha NASA, shirika la anga la Marekani, kiitwacho Mars Climate Orbiter kilipotea mwaka 1999 kwa sababu programu moja iliyotumika huku duniani kukiongoza ilitoa takwimu za msukumo kwa vipimo vya pauni, ingawa maelezo yaliyoandikwa yalitaka vipimo vya metriki. Sharti lilikuwepo, ila halikuhakikiwa ipasavyo. Kwa hiyo, kando ya kila sharti andikeni jaribio litakalolithibitisha, na kama jaribio halipatikani, rudini kwa mteja mumuulize alikusudia nini hasa.

Andikeni pia yale ambayo hayatakuwemo katika toleo la kwanza, kwa mfano malipo au kumbukumbu za matibabu, kwa kuwa mteja asiyeambiwa hayamo atayatarajia. Na anapobadili nia, jambo ambalo ni haki yake, msilifute sharti la zamani kimyakimya: wekeni tarehe, jina la aliyeomba, sababu yake, na kazi ipi itaahirishwa ili hilo jipya lipate nafasi.