Kumlea mtoto wa marehemu dada yako wakati baba yake yupo hai: yaliyonikuta

Pole sana kwa msiba, dada. Umeuliza kama muhtasari wa kikao cha ukoo uliokukabidhi watoto wawili wa marehemu dada yako unatosha, maana baba yao yupo ila hajaleta hata kilo ya unga kwa miaka minne. Hautoshi. Nasema hivyo kwa sababu nami niliutegemea huohuo.

Dada yangu alifariki akaacha binti wa miaka 9. Ukoo ulikaa, ukaamua akae kwangu, mwenyekiti wa mtaa akagonga mhuri. Nikamhamishia shule ya karibu, nikamlipia bima, mambo yakaenda. Mwaka wa pili baba yake akasikia marehemu aliacha kiwanja na akiba benki. Akaja na boda kuchukua mtoto, begi tayari mkononi. Sikuwa na karatasi ya kumzuia.

Sheria ya Mtoto ya Tanzania ya 2009, kifungu cha 9, inakubali ulezi uhamie kwa jamaa kwa amri ya mahakama au kwa utaratibu wa kimila, lakini pale wazazi wote wawili wamefariki. Mmoja akiwa hai, hata kama alitoroka, bado ni mzazi. Na wajibu wake haujafa pia: kifungu cha 8 kinamdai chakula, malazi, mavazi, matibabu na elimu ya mwanawe. Kwa hiyo usiende kumnyang'anya haki. Nenda uombe mahakama ikupe wewe malezi, na yeye aamriwe matunzo. Jamaa anayeishi na mtoto anaruhusiwa kuomba.

Anzia ofisi ya ustawi wa jamii ya halmashauri yako. Kwangu afisa alikuja bila taarifa, saa kumi jioni. Akaangalia kitanda, chandarua, madaftari, akauliza mtoto anakula na nani. Kisha akamchukua binti hadi chini ya mwembe, wakaongea wawili tu karibu nusu saa. Nilitaka kusogea, akaniinulia kiganja nibaki pale pale. Ile taarifa yake ndiyo iliyobeba kesi. Hakimu aliisoma kwa makini kuliko maneno yetu wote. Nikapewa malezi, baba akapewa kumwona mwisho wa mwezi na kuchangia ada. Ada analeta kwa kusuasua, lakini kumwona mwanawe haachi, na sijawahi kumzuia. Hata ukiwa na hasira naye, usimseme vibaya mbele ya watoto.

Sasa mali, hapa wengi huteleza. Mlezi si msimamizi wa mirathi. Unaweza kuwa vyote viwili, ila usimamizi unaombwa peke yake. Sisi tulikwenda Mahakama ya Mwanzo na ule muhtasari wa ukoo (huko ndiko una kazi), cheti cha kifo na vyeti vya kuzaliwa. Kama wanao hawana vyeti, anza kesho RITA, wakala wa serikali anayesajili vizazi na vifo, kila mlango watakuuliza. Ukiteuliwa una miezi minne kurudisha mahakamani orodha ya mali na madeni ya marehemu, kisha hesabu ya ulivyogawa kwa vipindi itakavyopanga mahakama. Kifungu cha 10 cha ile Sheria ya Mtoto kinakataza kumnyima mtoto kufaidi mali ya mzazi wake, na hilo linatuhusu sisi wajomba na mama wadogo sawa na wale wa upande wa baba. Kile kiwanja shemeji zangu walinishauri nikiuze "nimsomeshee". Nilikataa. Ada nililipa mfukoni, na akiba yake nikaifungulia akaunti kwa jina lake. Kila nilichotoa nikakiandika kwenye daftari na risiti nikaibana hapohapo.

Binti sasa ana miaka 17. Mwezi uliopita nilimpa lile daftari alisome kabla hajatimiza 18. Alikaa nalo barazani hadi magharibi, akarudi na swali moja: sh. 40,000 za Juni ya mwaka wa tatu zilikwenda wapi, mbona risiti haipo? Zilikuwa za miwani yake. Tumekwenda dukani wote wawili kuomba nakala.