Kurudi chuoni ukiwa na kazi na watoto: maswali kutoka Lubumbashi

Tangu niliposema hapa kwamba nilipata lisansi, yaani shahada ya kwanza ya chuo, nikiwa na miaka 43, nikifundisha shule ya msingi asubuhi na kusoma jioni, wasomaji wengi wa Lubumbashi wameniandikia. Leo nawajibu wachache.

Yaya, nina miaka 41, nauza unga soko la Kenya, hapa hapa Lubumbashi. Diploma ya serikali, ile ya kumaliza sekondari, ninayo tangu 2003. Naona haya kukaa darasani na watoto wa rika la mwanangu.

Mama, haya hiyo naijua. Siku yangu ya kwanza niliingia auditwari, vijana wakanyamaza wakidhani profesa amefika. Nilipokaa kati yao kimya kikazidi, na kidogo nitoke nirudi nyumbani. Kijana wa pembeni akanigeukia: "Mama, una biki ya ziada?" Nikampa, tukaanza kuandika. Haya yangu iliishia pale, kwa biki moja. Na wewe unajua deni, faida na mteja asiyelipa kwa kuviishi. Kwenye kozi za biashara, hao watoto ndio watakaokuzunguka ili uwaeleze.

Nafanya shifti ya masaa 12 mgodini, wiki moja mchana, wiki moja usiku. Chuo kinasema nitamaliza kwa miaka 3. Ni kweli?

Kwenye karatasi, ndiyo. Tufanye hesabu pamoja, kaka. Katika mfumo mpya wa LMD (lisansi, masta, udaktari), ulioenezwa nchini kote mwaka wa masomo 2021-2022, lisansi ni kredi 180, yaani 60 kwa mwaka. Kredi moja ni masaa 25 ya kazi ya mwanafunzi: kumsikiliza mwalimu, kufanya mazoezi, kusoma peke yake. Zidisha upate masaa 1,500 kwa mwaka. Ukiyagawa kwa wiki 40, ni masaa 37 na nusu kila wiki. Hiyo ni kazi ya pili nzima juu ya ile uliyo nayo.

Mimi sikuipiga hesabu hiyo mapema. Mwaka wa kwanza nilijiandikisha kila kitu, nikalala masaa manne, nikaanguka masomo manne. Nilitumia miaka 4, na siijutii. Uzuri wa mfumo huu ni kwamba kitengo cha masomo ulichokipata kwa wastani wa 10 juu ya 20 kinabaki chako. Unarudia kilichobaki tu.

Kwako shida kubwa ni wiki ya usiku. Saa 11 jioni wenzako wanaingia kozini, wewe unapanda basi la kampuni. Nenda kwenye sekretarieti ukiwa na ratiba yako ya shifti mkononi, uulize kama kozi ya jioni hurudiwa mchana au Jumamosi, na nani atakuwekea mtihani ukiangukia kwenye zamu. Wakikujibu "tutaona", tafuta chuo kingine.

Niliacha masomo G2, mwaka wa pili wa gradua, mwaka 2009. Pointi zangu bado zina kazi?

Zinaweza kuwa nayo, lakini usizihesabu bado. Wakati ule gradua, ngazi ya kwanza ya chuo, ilikuwa miaka 3, lisansi 2 juu yake. Leo jina lisansi lina maana nyingine, ni ile miaka 3 ya mwanzo. Kwa hiyo chuo lazima kilinganishe kozi zako za zamani na za sasa, moja moja. Tafuta karatasi ya pointi yenye muhuri, peleka, na uamuzi uupate kwa maandishi kabla ya kulipa minevali, yaani karo ya chuo. Mimi ofisi moja iliniahidi kwa mdomo kunisamehe kozi mbili. Nilipokwisha lipa, aliyeahidi alikuwa amehamishwa, na hakuna aliyekumbuka neno lake. Nilizisoma zote mbili upya.

Mume wangu anasema masomo ya jioni ni kisingizio cha kutembea usiku.

Dada, usibishane naye, mwite aone. Bandika ratiba ukutani karibu na kabati la vyombo, na siku moja mwombe aje akupokee getini, awaone wenzako wakitoka na madaftari yao. Wangu alikuja mara moja tu, siku ya mvua, na mwavuli. Baada ya hapo alikuwa ndiye anayeniuliza kama nimechelewa.

Pia sema wazi nani anapika Jumanne na Alhamisi. Ugomvi mwingi niliouona unaitwa wivu, kumbe ni bukari (ugali) isiyokuwa mezani saa moja jioni. Na nakuomba sana, mzigo huo usiuangushe wote kwa binti yako wa miaka 14. Naye ana shule yake.

Umeme unakatika kila usiku. Nasoma saa ngapi?

Alfajiri, saa 10 hadi saa 12, nyumba ikiwa imelala. Chapisha silabusi kwenye karatasi, maana simu ikizimika na somo limezimika. Taa ya kuchaji iwe ya masomo tu, isiazimwe jikoni.

Nitajuaje kama chuo ni cha kweli?

Omba kuona arete, yaani hati rasmi ya wizara inayokiruhusu. Kisha mtafute mtu aliyemaliza hapo miaka mitatu iliyopita, umuulize kama diploma yake anayo mkononi, au mpaka leo anatembea na cheti cha muda.