Natoka kwenye harusi nataka mikutano ya makampuni, nachajije?

SWALI: Habari dada. Niko Mwanza, nimezoea kupamba na kusimamia harusi. Sasa NGO moja inataka niwaandalie mkutano wa siku mbili hotelini, watu 80, bajeti nzima milioni 20. Wanasema hela yote ipitie kwangu halafu mimi ndo nilipe hoteli na wengine. Nikichaji asilimia 10 ni sawa? Na je nikasome kwanza?

JIBU: Mdogo wangu, asilimia 10 sio mbaya, kwa kuanzia wengi wanacheza hapo kati ya 10 na 15, ila kinachonitisha mimi ni hilo la hela yote kupitia kwako.

Chukua hesabu zako mwenyewe. Milioni 20 ikipita kwako maana yake wewe ndo umewauzia huduma ya milioni 20, invoisi ni yako na risiti ya EFD unaitoa wewe, ya hela yote. Mteja akikulipa anakata kodi ya zuio, kwa huduma ni asilimia 5, kwahiyo milioni moja anaipeleka TRA. Ada yako ni milioni 2, nusu yake imeshaondoka na hoteli haitaki kusikia hizo habari, inataka chake kamili. Ni kweli hiyo milioni haijapotea, unapewa cheti cha zuio unakuja kuipunguza kwenye kodi yako ya mwaka (kidai hicho cheti, usipowasumbua wanakusahau), lakini mwenye nyumba wako hasubiri ritani. Na bado kuna mauzo, ukifanya mikutano kumi ya hivyo ndani ya mwaka kwenye vitabu umeuza milioni 200, ambacho ndo kiwango cha kusajiliwa VAT, wakati ulichoingiza wewe kama wewe ni 20.

Waambie hivi: hoteli iwatolee profoma (ankara ya awali) wao wenyewe, mtu wa saundi na wa usafiri hivyohivyo, wewe unasimamia kila kitu ila unadai ada yako tu. Hapo zuio linakatwa kwenye milioni 2, yaani laki moja. Kazi ni ileile. Wakigoma, maana zipo ofisi ambazo manunuzi yao hawataki kuhangaika na wazabuni watano, basi pandisha asilimia na usiguse kitu bila adivansi inayotosha kulipia hoteli. Kamati ya harusi inakusanya michango kabla, hawa wenzetu wanakupa LPO (karatasi ya oda tu, sio hela) halafu unasubiri siku 30 baada ya mkutano, wakati mwingine zaidi, na hoteli haipokei LPO yako kama hela.

Kwenye hoteli, wanauza kwa kichwa kwa siku, ndani yake kuna ukumbi, chai ya saa nne, lanchi, chai ya jioni, maji, daftari na kalamu. Uliza bei ni pamoja na VAT au bado, asilimia 18 ikitokea mwishoni utalia. Halafu uliza namba ya uhakika, yaani idadi ya watu utakaowalipia hata wasipokuja, hii ndo inaumiza watu wa harusi kwasababu wamezoea wageni kuzidi, mkutanoni wanapungua. Ukisaini 80 wakaja 61 unalipa 80. Mimi ningesaini 65 au 70 nikakubaliana nao wanaweza kuongeza sahani ngapi asubuhi ile na mwisho wa kubadilisha namba ni lini, iandikwe. Na wakikwambia ukumbi unaingiza 150 ujue wamehesabu viti vitupu vya kupangwa kama sinema, ukiweka meza za darasani inabaki kama nusu.

Kusoma sio sasa. Cheti cha waandaaji wa mikutano kinachojulikana dunia nzima ni CMP (Certified Meeting Professional), kinatolewa na Events Industry Council, na kukifanyia mtihani lazima uonyeshe uzoefu wa kazi kwanza, kwahiyo tunza mikataba na bajeti zako kuanzia huu mkutano. Ukisikia mkutano mkubwa kwenye vituo vya mikutano, AICC Arusha au JNICC Dar, omba hata nafasi ya dawati la usajili kwa posho, utaona itifaki inavyoenda, vibanda vya wakalimani, mabasi ya wajumbe, vitu ambavyo harusini huvikuti.

Profoma ya hoteli ikija usisaini, nitumie kwanza nione hapo kwenye namba ya uhakika wameandikaje.