Kabla hujakusanya asaimenti ileile kwenye kozi nyingine

Wiki mbili zilizopita mdogo wangu wa mwisho, anayesoma mwaka wa pili hapa Mbeya, alinipigia simu usiku. "Shikamoo dada." Hata sijamaliza kuitikia marahaba, ameshaingia kwenye shida yake. Alikuwa na asaimenti ya kukusanya Ijumaa. Muhula uliopita, kwenye kozi nyingine, aliandika kuhusu wakulima wa Rungwe wanaopanda parachichi za Hass, akapata 13 kati ya 15. Mada hii mpya inakaribiana na ile. Je, akibadilisha kichwa na utangulizi, kuna ubaya gani?

"Ni kazi yangu mwenyewe, dada. Sijamwibia mtu."

Nilinyamaza kidogo. Maneno hayohayo niliwahi kuyasema mimi, nimesimama mbele ya meza ya mhadhiri wangu mjini Iringa, nikisomea ualimu.

Kwenye kozi ya jiografia tulitakiwa kueleza kwa nini zao fulani limeshamiri mahali fulani. Kwetu ni Isongole, kule juu ukitoka Uyole kwenda Tukuyu, basi nikachagua viazi mviringo. Nilipokwenda nyumbani nilizungumza na wakulima saba. Nikaandika juu ya udongo wa volkano, baridi, mvua, barabara ya lami inayopita jirani na mashamba. Ilikuwa kazi nzuri na ninajivunia mpaka leo. Muhula uliofuata, kozi ya masomo ya maendeleo ikatuuliza mkulima mdogo ana nguvu gani sokoni. Wiki hiyo nilikuwa na kazi tatu za kukusanya. Nikafungua faili la zamani, nikabadilisha kichwa, nikaongeza aya mbili kuhusu madalali, nikapeleka flashi steshenari na kuchapisha.

Sikukamatwa na programu yoyote ya kukagua kazi zinazofanana. Wahadhiri hao wawili walikuwa wakitumia ofisi moja, na yule wa jiografia aliwakumbuka wale wakulima saba. Mhadhiri wa maendeleo akaniita, akafungua ukurasa wa tatu, ule wa udongo, akaniuliza kwa upole kabisa, "Swali langu liko wapi hapa?" Nikamjibu kwamba kazi ni yangu. Akasema, "Najua ni yako. Nimekuuliza swali langu liko wapi."

Nilipewa sifuri. Chuoni kwetu kazi za muhula zilikuwa na alama 40 na mtihani wa mwisho 60, kwa hiyo nikaingia kwenye mtihani nikiwa na 18 tu mkononi. Nilifaulu, lakini kwa kuponea chupuchupu.

Alama ziliuma, ila kuna kitu kiliniuma zaidi. Lile swali la mkulima na soko lilikuwa swali la nyumbani kwetu. Mama ameuza viazi kwa lumbesa miaka yote ninayomfahamu: gunia linajazwa hadi mdomoni, kisha linaongezewa kilemba kinachoshikiliwa kwa kamba, naye analipwa bei ya gunia moja. Sheria ya vipimo inakataza, na bado magunia ya namna hiyo yalikuwa yakipakiwa kwenye malori mbele ya macho yangu. Kwa nini mama hakuweza kukataa? Angekataa, angeuza wapi, na viazi vingekaa siku ngapi kabla ya kuoza? Nilipewa muhula mzima wa kukaa na maswali hayo, nikiwa na maktaba na mtu wa kunisahihisha. Nikayafukia chini ya aya za udongo nilizokwisha kupewa alama. Nafasi ile sikuipata tena.

Kwa hiyo nilipomjibu mdogo wangu sikumwambia kwamba ni wizi, kwa sababu hakumwibia mtu. Hata Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inamtambua mwandishi kuwa mwenye kazi yake. Akitaka kuichapa kitabu, kuisoma kanisani au kuibandika ukutani, ruksa. Ila alama ni habari nyingine. Katika utaratibu wa vyuo vikuu vyetu, kredi moja huhesabiwa kuwa saa 10 za kujifunza, ukijumlisha vipindi, kusoma mwenyewe na kufanya kazi unazopewa. Kozi ya kredi 10 ni saa 100. Kozi inapoingia kwenye matokeo yako, chuo kinamshuhudia mwajiri kwamba saa hizo ulizifanyia kazi. Fikiria kibarua aliyepalilia shamba moja, akaenda kudai ujira kwa wenye mashamba mawili. Jembe ni lake na jasho ni lake, lakini shamba la pili bado lina magugu. Na jirani yake amelipalilia la kwake lote kwa mikono yake, kisha wanasimama pamoja kupokea ujira uleule.

Hapo akaniuliza, "Kwa hiyo nisiguse kabisa nilichojifunza?" La hasha. Kurudi kwenye mada unayoipenda ni jambo jema, na wasomi wengi hujenga maisha yao ya utafiti hivyo. Mtu anaandika tasnifu, baadaye anatoa makala ndani yake, na anasema wazi imetoka wapi. Asichoruhusiwa ni kupeleka makala ileile kwenye majarida mawili kana kwamba kila moja ndilo la kwanza kuiona. Nawe una haki ya kurudi kwenye vitabu ulivyosoma, daftari la mahojiano yako na takwimu ulizokusanya. Aya zilizokwisha kusahihishwa ndizo za kuacha, isipokuwa mhadhiri amekubali. Na akikubali, taja ndani ya kazi mpya kwamba sehemu hii uliiandika kwenye kozi fulani, mwaka fulani.

Muulize mapema, kabla hujaandika. Nilimsaidia kutunga ujumbe mfupi: "Shikamoo mwalimu. Muhula uliopita niliandika kuhusu wakulima wa parachichi Rungwe kwa kozi nyingine. Naomba kutumia mahojiano yale kujibu swali lako kwa upande wa gharama. Kazi ya zamani nimeiambatanisha uione." Kuambatanisha ni muhimu, maana mtu mwenye nia ya kuficha hafanyi hivyo. Soma pia mwongozo wa wanafunzi wa chuo chako. Ukikatazwa, kubali. Kama kazi ya zamani mliifanya kwa kikundi, hapo si yako peke yako, na ruhusa ya mhadhiri haitoshi. Watafute wenzako kwanza.

Kuna wanaojaribu kukwepa kwa kubadilisha maneno mojamoja ili programu isiwatambue. Ni kweli kwamba programu kama Turnitin inaweza kuhifadhi kazi za wanafunzi zilizopitishwa humo, kwa hiyo inaweza kukuonyesha umefanana na wewe mwenyewe. Lakini ukifika hatua ya kukaa usiku kucha unabadili "wakulima" kuwa "wazalishaji", jua usiku huohuo ungetosha kuandika kurasa mbili mpya.

Mhadhiri wake alijibu kesho yake mchana. Mahojiano atumie, aya za zamani hapana, na anataka kujua mkulima anaishije miaka ile ya mwanzo kabla miche haijaanza kuzaa vizuri. Jioni ile mdogo wangu alikuwa kwenye Hiace ya Tukuyu, na saa moja usiku akanipigia kutoka shambani kwa mzee mmoja jirani yetu. Alikuwa amehesabu miche 40 iliyopandwa na 11 iliyokauka, na mzee alikuwa bado anamweleza alivyouza ng'ombe ili anunue mingine.